Miji Minne, Mashine Sita

Mume wangu alipanga likizo yetu kama anavyochora mabomba. Ni mchoraji ramani katika ofisi ya maji, na kwa miaka thelathini amekuwa akionyesha kwenye karatasi, kwa wino, bomba gani linapita chini ya barabara gani. Kazini wanamwita Rula, na mimi nyumbani nilishasahau kumwita vinginevyo. Kwa hiyo aliponiambia, "Mama watoto, mwaka huu tunakwenda," nilijua tutakwenda kwa dakika.

Ramani aliitandaza juu ya meza ya kulia, na kwa wiki tano sahani zetu zikahamia mapajani. Alichoma juu yake pini nne zenye vichwa vya rangi. Pini hizo zilikuwa zangu, maana mimi ni fundi cherehani, na wala hakuniomba. Nyekundu ni mji wa bandari, nyumba zake zimepakwa rangi kama peremende. Bluu ni mji mkubwa wenye daraja refu juu ya ghuba. Kijani ni kamji kenye mnara wa taa na hospitali moja. Njano ni mji wa mwisho, ambako tungepandia ndege ya kurudi. Kati ya nyekundu na bluu kuna maporomoko ya maji yanayoangukia ufukweni. Kati ya bluu na kijani kuna mapango ambayo bahari inaingia na kutoka kama mtu anayekoroma. Na kati ya kijani na njano kuna kisiwa changu.

Nasema changu kwa sababu nimekaa nacho ukutani miaka ishirini. Kilikuja kwenye kalenda ya muuza vitambaa wa jumla. Mwaka uliisha, kalenda nikaitupa, picha nikaikata na kuibandika juu ya cherehani. Hakina mti, hakina hoteli. Ni mchanga mtupu, mweupe, katikati ya bahari, unaojitokeza maji yakipungua sana, siku chache tu kwa mwezi, saa tatu hivi, kisha unazama tena. Watu wanafikishwa kwa boti, wanasimama, wanarudi. Basi. Nilitaka kusimama pale tangu enzi zile nilipokuwa bado na kiuno.

"Utasimama," alisema Rula. "Jumanne ya wiki ya pili, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nimeweka dakika arobaini za kushangaa."

"Nikimaliza kushangaa mapema?"

"Utanisubiri."

Ungesema ni safari ya kawaida ya wazee wawili waliokwisha kumsomesha mtoto wao. Tatizo ni figo zangu. Ziligoma miaka mitatu iliyopita, bila notisi. Tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mchana nalala saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine hutoa uchafu, na hutoa maji pia, kwa sababu mtu kama mimi anachokunywa hakina njia nyingine ya kutokea. Kisipotolewa kinapanda. Kinaanzia miguuni, kinafika mapafuni, na mtu anazama akiwa amekaa sebuleni kwake. Niliona hilo likimpata jirani yangu wa kitanda cha dirishani. Alikuwa na mipango mingi, na alikuwa mcheshi kuliko mimi.

Kwa hiyo Rula hakuanza kwa kutafuta hoteli. Alianza kwa kutafuta mashine. Aliandika, alipiga simu, aliwekwa kwenye muziki wa kusubiri mpaka akaujua kwa kuimba, na mwisho akanipatia kitanda katika kila mji wenye pini. Siku kumi na nne, miji minne, mashine sita. Kila hospitali ikataka kitu kimoja: barua ya daktari wangu, yenye majibu ya damu, orodha ya dawa, na tarakimu wanayoiita uzito mkavu. Huo ni uzito wangu maji yote ya ziada yakishatoka. Wangu ulikuwa kilo sitini na moja. Mashine haimjui mtu. Inaambiwa tu, mtoe huyu maji mpaka afike sitini na moja, basi inatoa. Barua yenyewe isainiwe siku zisizozidi kumi kabla ya safari. Maana yake tulikuwa na tiketi, tulikuwa na pini, tulikuwa na dakika za kushangaa, na vyote vilining'inia kwenye kalamu ya kijana mmoja mwenye koti jeupe.

Binti yetu ni mwalimu, na anatufokea kama darasa la tatu. Alipiga simu kila jioni.

"Mama, hivi kweli unataka kwenda kuchomwa sindano na watu wasiokujua?"

"Hawa wanaonijua nao walianza kwa kutonijua."

"Mama, naongea kwa uzito."

"Uzito ni sitini na moja."

Alikata simu. Nilicheka peke yangu, nikacheka tena. Wiki zile nilicheka sana. Mimi nikicheka sana, anayenijua hunitafutia kiti.

Jumamosi, wiki mbili kamili kabla ya kuondoka, nilimkabidhi duka mwenzangu wa meza ya pili. Nilimpa oda mbili zilizobaki, funguo, futi, kufuli kubwa la shaba, na maneno mengi. Mkasi sikumpa. Ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa wa kukatia karatasi mkasi wa nguo, na fundi yeyote atakwambia karatasi inavyoua makali. Ndiyo sababu mkasi wangu nilikuwa natembea nao. Nilijishonea mfuko wa kitambaa kigumu wa kufunga kiunoni, chini ya gauni, na humo ndimo vilimokaa mkasi, funguo, futi ya kupimia, na hilo kufuli, ambalo nikiliacha mlangoni duka likiwa wazi jirani huliazima na kulirudisha baada ya siku tatu. Sasa nilikuwa nakwenda kupanda ndege, na ndege hazipendi vyuma. Nikaufunga mkasi kwa kitambaa, nikauweka kabatini chini ya mashuka, nikauaga.

Jumapili kulikuwa na joto la kufa mtu. Rula alikwenda ofisini kuchapa ratiba, nami nikabaki na furaha yangu. Nilikula vipande vitatu vya tikitimaji, vinene, nimesimama mbele ya jokofu, na nikamumunya barafu bakuli zima. Kwa mtu wa mashine hiyo ni sawa na mlevi kulala kwenye baa. Nilijua. Maganda niliyapeleka kwenye pipa la jirani.

Jumatatu nikaenda hospitali nimejiandaa kusemwa. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu kwa kawaida nilikuwa naongeza kilo mbili, na Sista wetu wa mizani ana mdomo. Nikavua viatu, nikaweka mkoba kitini, nikapanda. Sista akatazama tarakimu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Kilo moja! Mama, tangu Ijumaa umeongeza kilo moja tu?"

"Ndivyo inavyosema?"

"Jamani, hebu mwoneni mtu anayejua kujizuia! Nyie mnaokunywa maji kama ngamia, tazameni!"

Wagonjwa wawili wakapiga makofi. Wa tatu akapiga paja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na sindano. Nami, badala ya kusema Sista, mizani yako imeugua, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama bibi harusi. Ni nani anayekataa kusifiwa? Miaka mitatu nimesemwa juu ya mizani ile. Mashine ikawekwa itoe kilo moja. Nikalala nikitabasamu, na kichwa changu ndicho kilichokuwa cha kwanza kuvimba.

Miguu ilifuata. Jumatano kandambili ziliniachia alama. Ijumaa pete ilikataa kutoka hata kwa sabuni. Kila nikitoka kwenye mashine, mizani ilisema sitini na moja, sawasawa, na kila nikifika nyumbani ngazi za kwetu, ambazo ni kumi na mbili tu, zilikuwa zimeongezeka. Jumapili nikaanza kikohozi kidogo kikavu kila nikijinyoosha. Nikahamia kulala nimekaa kwenye kochi.

"Mgongo," nilimwambia Rula.

Alikwenda mezani, akaifungua ratiba yake, akaongeza dakika kumi za kupumzika kabla ya mapango. Kisha akaongeza kumi nyingine. Sauti ya kalamu yake niliisikia kutoka kwenye kochi, nikaichukia.

Kumbuka nilikuwa nimebakiwa na siku sita kabla ya safari. Kila asubuhi nilifungua macho nikipima: leo napumua vipi? Nikipiga mswaki najisikiliza. Nikicheka nakatiza katikati nione kama pumzi inatosha kumalizia. Mpaka mtu anaacha kujua kama anaumwa au anajitisha. Na katikati ya hofu yote kulikuwa na ka-tikitimaji kangu, kamekaa tumboni mwa dhamiri, hakasagiki.

Jumatano, siku tatu kabla ya safari, ilikuwa zamu ya daktari. Ni kijana, mpole, ana tabia ya kukusikiliza mgongo huku amefumba macho kama anaonja mchuzi. Barua nne zilikuwa mbele yake, zimechapwa, zinasubiri jina lake tu. Rula alikuwa ameketi pembeni amekumbatia faili. Daktari akasikiliza chini, akasikiliza juu. Akaniminya mbele ya mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki.

Sote watatu tuliliangalia lile shimo.

"Mama," alisema, "sisaini."

"Daktari, hilo shimo ni la uzee."

"Ni maji. Presha yako iko juu. Una maji chini ya mapafu. Na uzito wako ni uleule, ndilo jambo linalonitisha. Ungekuwa umeshindwa kujizuia ningekufokea nikashusha maji, yakaisha. Sasa mizani inasema umekauka, mwili unasema umelowa. Mtu hakondi nyama kilo nzima kwa wiki moja. Kwa hiyo nauangalia moyo. Nataka kipimo cha moyo, na nafasi ni Jumatatu."

"Jumatatu tutakuwa mji wa pini nyekundu," alisema Rula, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

"Mzee wangu, hamtakuwa."

Ndipo nikaishiwa na utani. Naapa, nilitafuta neno la kuchekesha, nikapekua kila mfuko wa kichwa, hakuna. Nilichoona ni mchanga mweupe, na maji yanaufunika, na mimi bado niko nyumbani natafuta kandambili pana.

Tulirudi nyumbani. Rula alifika, hakuvua hata viatu. Akazichomoa pini moja moja, akanirudishia kwenye kiganja, akaikunja ramani. Chini ya ramani kulikuwa na karatasi nyingine, ndefu, ya miraba midogo, imeunganishwa kwa gundi mara nyingi mpaka ilikuwa kama mkeka.

"Nini hiki?"

"Wewe."

Ilikuwa mimi kweli. Miaka mitatu ya mizani, mashine kwa mashine. Mstari mweusi, uzito wa kuingia. Mstari mwekundu, uzito wa kutoka. Kila siku ya mashine alikuwa akiniuliza tarakimu zangu kwa sauti ya kupitisha muda, kama mtu anayeuliza mvua, na mimi namjibu huku nafua au napika. Kumbe anakwenda kuchora. Wiki tano nimekula mapajani, sikujua kwamba chini ya safari kuna kitu kingine kimetandikwa.

"Kila Jumatatu unaingia na mbili, mbili kasorobo, mbili," alisema, kidole kikitembea. "Sikukuu, harusi, msiba, ni hivyohivyo. Isipokuwa hapa. Jumatatu ya wiki iliyopita. Moja." Kidole kikasimama. "Na shida zote zinaanzia hapa. Jumapili ile ulijizuia namna gani?"

Mtu angeweza kunyamaza. Ningesema nilijizuia tu, naye angeamini, kwa sababu ananiamini, na hapo ndipo penye ugumu wake. Tangu nianze mashine Rula hajaonja tikitimaji. Tunda alipendalo kuliko yote duniani. Hakutangaza, hakulalamika, aliacha tu kulinunua ili nisitamani. Lile la Jumapili nilijinunulia mwenyewe.

"Sikujizuia," nikasema.

"Eeh?"

"Nilikula tikitimaji. Vipande vitatu. Na barafu."

"Vipande vya namna gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Akaitazama mikono yangu. Nilisubiri aniambie chochote, hata anitukane. Alikaa chini polepole.

"Lilikuwa tamu?"

"Rula."

"Nauliza."

"Lilikuwa tamu sana."

"Haya." Akajikuna shingo. Halafu nikaona jicho lake limebadilika, limekuwa jicho la ofisini. "Basi maji yalikwenda wapi?"

"Maji gani?"

"Ya tikiti. Ya barafu. Umekunywa zaidi ya kawaida, umeingia na pungufu ya kawaida. Mama watoto, maji hayapotei. Miaka thelathini naitwa kwenda kutafuta maji yaliyopotea, na karibu kila mara nakuta mita ndiyo mbovu. Mizani ya hospitali waliibadilisha?"

"Hapana. Ileile yenye mkanda wa gundi."

"Basi kilichobadilika ni wewe. Ijumaa mpaka Jumatatu. Ulivaa nini?"

"Gauni la bluu. Lilelile la kila siku."

"Viatu?"

"Navua."

"Mkoba?"

"Naweka kitini, Sista angenipiga."

"Ndani ya gauni?"

Nikafungua mdomo kumjibu jambo la aibu, ukabaki wazi. Mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kiunoni, ukapapasa, ukakuta pako tupu.

Nilikuwa nimeuzoea mfuko ule kama mtu anavyozoea masikio. Ungeniuliza nina nini mwilini ningekuhesabia pete na hereni, mfuko nisingeutaja. Miaka mitatu natoka dukani moja kwa moja kwenda kwenye mashine, duka liko wazi, mkasi na kufuli viko kiunoni, napanda navyo, nashuka navyo. Daktari aliweka ile sitini na moja mimi nikiwa nimevaa chuma.

Rula alikwenda kabatini. Mkasi aliuweka juu ya mizani yangu ndogo ya jikoni: gramu mia nane na hamsini. Halafu akatoka kwenda dukani bila kunywa hata chai, akarudi na kufuli, funguo, futi, na mwenzangu wa meza ya pili anamfuata nyuma akiuliza nani kaibiwa. Vyote pamoja vikafika kilo moja na nusu, ukiacha gramu chache za uzi.

"Kwa hiyo," nikasema, na pumzi ya kusemea ilikuwa haba, "miaka mitatu mkasi wangu umekuwa ukisafishwa damu."

Mwenzangu akacheka mpaka akashika ukuta. Rula hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu: nilipouvua mfuko, mizani ikaona kilo na nusu imepungua, ikadhani ni maji. Kila mara mashine ikaiacha mwilini mwangu ileile kilo na nusu ya maji ambayo ilitakiwa itoke. Alipomaliza akaweka kichwa juu ya karatasi yake ya miraba, juu yangu mimi mwenyewe, akabaki hivyo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwenzangu akaacha kucheka, akaondoka kwa kunyata.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni kwa daktari, mfuko mkononi kama ushahidi wa polisi. Alinipandisha kwenye mizani nao, akanipandisha bila huo. Sista alikuja kutazama, akaweka mikono kiunoni.

"Miaka mitatu nakwambia vua, mama!"

"Ulisema viatu."

"Na siku ile nikakusifia mbele za watu!"

"Hiyo nisamehe. Nilikuwa na kiu ya kusifiwa kuliko ya maji."

Alininunia, lakini ndiye aliyenitafutia kitanda cha dharura asubuhi ileile. Walitoa maji Alhamisi taratibu, wakatoa tena Ijumaa, mpaka kwenye uzito mpya wa kilo hamsini na tisa na nusu. Ijumaa jioni nilipanda ngazi za hospitali mara mbili, mbele ya daktari, nikashuka nikiongea. Aliniminya mguu. Shimo halikubaki. Rula akafungua faili, akazipanga barua nne mezani, akamwekea na kalamu karibu.

Daktari alisaini ya kwanza. Akasaini ya pili. Akaifunga kalamu.

"Zimebaki mbili," alisema Rula.

"Nimeziona, mzee wangu. Huu uzito mpya tumeupata kwa hesabu na siku mbili. Mwili haujauthibitisha. Miji miwili ya kwanza ina hospitali kubwa, nitalala. Mji wa pili una bingwa wa moyo, nimeshampigia. Ijumaa ijayo atampima mama. Akiridhika, atasaini hizi mbili yeye. Asiporidhika, Jumamosi mnapanda ndege mnarudi."

"Lakini kisiwa kiko..."

"Najua kiliko. Au mnaweza kusubiri miezi miwili, mama atulie kabisa, nisaini zote nne kwa moyo mweupe. Ni juu yenu."

Tukatoka kwenye korido, tukakaa kwenye benchi la plastiki. Rula alishika zile barua mbili tupu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Tusubiri," alisema. "Maji hupungua kila mwezi. Nitapanga upya yote. Nitapanga vizuri zaidi."

"Utapanga."

"Nusu safari si safari, mama watoto. Tufike katikati turudishwe? Ukiwa umeshakiona kwenye ramani, kiko karibu hivi?"

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma na mimi. Maporomoko mazuri, daraja zuri, lakini nilichokitaka kilikuwa upande wa pili wa saini ya mtu nisiyemjua, na kufika karibu kisha kugeuzwa kungekuwa kubaya kuliko kutokwenda. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Kutoka benchini nilikiona kitanda cha dirishani, kimeshapata mwingine, mwanamke kijana mwenye kitabu. Miezi miwili ni mashine ishirini na sita. Nilijaribu kuziona zote zimepangwa mbele yangu, nikaishia ya tatu.

"Unajua mimi mipango yangu inafika wapi?" nikamuuliza. "Inafika Jumatatu. Kila wiki inafika Jumatatu. Zaidi ya hapo huwa nakusikiliza wewe tu, kwa adabu."

"Na bingwa akikataa?"

"Nitalia. Nitalia mji mzima wa bluu wanisikie. Utanibeba mpaka ndege."

"Una kilo hamsini na tisa na nusu."

"Unaona? Nimepungua."

Hapo ndipo alipotaka kucheka, ikashindikana, kikatoka kitu kingine. Akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

"Kesho, basi," alisema kwa kiatu.

Ilibidi kuwaarifu watu wa miji miwili ya mwisho kabla hawajafunga ofisi. Kijani hakikuwa na maneno; walisema sawa, njoo na barua au usije. Njano nilipiga mwenyewe, kwa sababu Rula alikwisha kukosea namba mara mbili. Akapokea binti mwenye sauti ya kuchoka. Nikamweleza: barua mbili zimesainiwa, mbili bado, kisiwa, bingwa, Ijumaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikamsikia anabofya.

"Sasa mama, nikuandike unakuja au huji?"

"Niandike kwa penseli."

"Hapa tuna kompyuta, mama."

"Haina penseli hiyo?"

Akacheka kidogo bila kupenda. "Sikiliza. Nitakuacha humu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo saa sita mchana. Ikifika saa sita sijapata barua, kitanda nampa mwingine. Kuna mtu anakisubiri, anapiga simu kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa hizi hizi."

Rula alikuwa ananitazama mdomo, anajaribu kusoma jibu.

"Akipiga leo," nikamwambia yule binti, "mwambie asichoke kupiga. Na mimi Jumamosi nitapiga kabla ya saa sita."